Ng'ombe Ana Pande Mbili

Watu wa kwetu walisema mambo matatu. Nayakumbuka kwa mpangilio wake kwa sababu yalisemwa mbele yangu, nikiwa nimesimama na mkoba wa kamera begani. La kwanza, kwamba mtu anayerudi Garsen na diploma ya kupiga picha na kuchapa atakuwa anatafuta kazi nyingine kabla mvua haijanyesha mara mbili. La pili, kwamba kuanzia Nanighi hadi mdomo wa mto Tana hakuna atakayenunua karatasi zenye picha za ng'ombe anaowaona bure kila asubuhi. La tatu alilisema binamu yangu Buya, mwenye duka la misumari na mabati, tena alilisema akicheka.

"Komora, kuazima unajua sana. Kurudisha ndiko hutaweza."

Mawili ya kwanza niliyavunja mapema, na nitawaeleza jinsi nilivyoyavunja kwa sababu nafurahia kueleza. La tatu lilinichukua miaka yote ya kazi na wiki tatu za kustaafu.

Nawaandikia ninyi wawili, Amina na Hiribae, mnaoshika karakana ya kadi sasa. Habari za vyeo nimeziacha. Vyeo vyote vilikuwa vyangu, na kimojawapo kilikuwa cha kufagia. Tangu niwakabidhi ufunguo siwezi kukaa kitini. Nimeng'oa mlango wa jiko nikaurudisha ulivyokuwa. Nimepanga viatu vya nyumba nzima kwa jozi, hadi mke wangu akaniuliza kama nitavilaza kifudifudi ili tucheze. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya dirisha.

Kwanza niseme mchezo wenyewe, maana kuna wageni wanaoingia karakana wakidhani tunachapa kadi za harusi. Unalaza kadi zote kifudifudi kwa safu. Unafunua mbili. Zikiwa jozi, unazichukua na unacheza tena. Zisipokuwa jozi, unazifunika, na kila aliyepo anajitahidi kukumbuka nini kiko wapi. Basi. Mtoto wa miaka minne anaucheza, na mara nyingi anamshinda baba yake, ndiyo maana akina baba huwa na shughuli za ghafla mchezo ukianza. Picha za kwetu ni za hapa hapa na nilizipiga mwenyewe, zote. Sikuwahi kunakili picha ya mtu. Andikeni hilo ukutani kama bado halijaandikwa.

Sikuzaliwa na kamera. Nililima shamba la baba kando ya mto, mafuriko yakalichukua, nikaenda Mombasa nikabeba mizigo mchana na kusoma jioni. Diploma yangu hakuna aliyenilipia. Baada ya chuo nilipiga picha za pasipoti kwa miaka mingi: uso mbele, masikio yaonekane, usicheke. Nilifika mahali nikawa naona watu wote kama masikio mawili yenye kitu katikati. Ndipo nikahamia Malindi, kwenye karakana ya uchapaji ya Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mtu wa Kipini, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilimwonyesha kadi za majaribio nilizokata mwenyewe. Nilikuwa nimejaa sifa. Picha zilikuwa kali, rangi safi. Hakuzitazama. Alizigeuza zote migongo juu, akazitandaza mezani kwa kiganja, akaanza kuokota.

"Hii na hii. Hii na hii. Hii na hii."

Alipozifunua, zilikuwa jozi. Nikamuuliza kama alikuwa ameziona kabla.

"Sikuziona picha zako, wala sina haja nazo. Nimeiyua migongo. Hii ina kidoti cha wino. Hii umeikata imepinda. Hii pembe yake imevimba. Mato yako yalikuwa wapi, mwanangu?"

"Macho yangu yalikuwa kwenye picha, Bi."

"Kila mtu hutazama picha. Fundi wa kadi hutazama mgongo. Mgongo ukisema, mchezo umekufa."

Mwezi mzima hakuniruhusu nichape picha hata moja. Nilikata kadi tupu. Nilijifunza kubana karatasi nzito kwenye mashine yake ya kukatia, ile ya chuma yenye mkono mrefu, na kuacha kisu kishuke kwa uzito wake badala ya kukisukuma kwa hasira. Nilijifunza kuzungusha pembe kwa kifaa kidogo cha mkono, pembe nne kwa kila kadi, bila kuhesabu, kwa maana ukihesabu unachoka. Mnaponiona nazitandaza kadi zenu kifudifudi na kunyamaza, huyo si mimi. Ni Bi Zuhura.

Alipofunga karakana kwa sababu ya macho, aliniita.

"Mashine hii nakuazima. Sikupi. Siku ukimaliza nayo irudi Kipini, kwetu. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Huyo akawa wa kwanza kuniazima.

Garsen nilipanga chumba nyuma ya kinyozi. Meza moja, mashine ya Bi Zuhura, kompyuta iliyokuwa ikizimika joto likizidi, nami nikiipepea kwa kadibodi kama mgonjwa. Nilijua ninachotaka: paketi nzima ya kadi yenye vitu vya Tana, na nusu yake ng'ombe. Wanangu, mtu aliyelelewa shambani kama mimi anadhani ng'ombe wanafanana. Nilidhani hilo ndilo litakalofanya mchezo uwe mgumu, na nikajiona mwerevu.

Shida ilikuwa kumpata mwenye ng'ombe. Wafugaji Waorma hawapendi mgeni asimame mbele ya mifugo na kuitazama sana, sembuse kuielekezea chombo. Boma la kwanza nilifukuzwa kwa adabu. La pili, bila adabu. La tatu lilikuwa la Mzee Dido, upande wa magharibi, mwendo wa saa moja kwa pikipiki. Alinisikiliza akiegemea fimbo. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha sokoni. Kiorma changu kilikuwa kifupi zaidi, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake.

Nilianza kupiga. Nikapiga ng'ombe wa kwanza ubavu wa kushoto, nikaenda kwa wa pili. Fimbo ikanizuia kifuani.

"Hapana. Umepiga upande moja."

"Inatosha, mzee."

"Haitoshi. Ng'ombe iko na pande mbili. Upande moja ni nusu ng'ombe. Mimi hapana peana nusu ng'ombe."

Nikarudi nikapiga ubavu wa kulia. Nilifanya hivyo kwa wote, jua likiwa kali, yeye akinitajia jina la kila mmoja. Aliyependeza zaidi alikuwa ng'ombe jike mwekundu mwenye madoa meupe, aitwaye Diima. Nilipomaliza nikafanya kosa la kukumbukwa. Nikasema kwa sauti, nikijisifu, nimepiga ng'ombe wangapi.

Mke wa Dido alitema mate kando. Mtu hahesabu ng'ombe wa mwenziwe kwa mdomo mbele yake, ni kama kuwaitia balaa. Niliomba radhi hadi nikakauka koo. Ndiyo sababu paketi yetu inaandikwa nje jina la mchezo na namna ya kucheza, lakini haiandikwi ina ng'ombe wangapi. Mwenye duka mmoja aliniambia wateja wanataka kujua. Nikamwambia wafungue wahesabu wenyewe, kimyakimya.

Dido aliponisamehe alinipa sharti lake.

"Sisi, mtu akikosa maziwa, mimi naazima yeye ng'ombe. Yeye anakunywa maziwa. Maziwa yake. Lakini ng'ombe yangu. Na mtoto ya ng'ombe, yangu. Siku moja inarudi, mama na mtoto. Picha pia hivyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee. Nikichapa tu, paketi ya kwanza nakuletea."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kupamba. Huyo akawa wa pili.

Sasa nifike kwenye kosa lililonipa jina. Kwenye kompyuta nilikuwa na makabrasha mawili, moja la mbavu za kushoto na jingine la mbavu za kulia. Ili upate jozi unachapa kabrasha moja mara mbili. Mimi, kwa joto na kompyuta ile ya kupepewa, nilichapa kila kabrasha mara moja. Nikakata, nikazungusha pembe, nikageuza migongo nikaikagua kama nilivyofundishwa. Migongo ilikuwa safi kuliko shuka la hoteli. Nyuso sikuzitazama tena. Kosa hilo ni la mwanafunzi wa Bi Zuhura tu, mtu mwingine asingeliweza.

Niliwaita watu wacheze mbele ya duka la Buya, kwa makusudi, ili ameze maneno yake. Wakafunua. Wakafunika. Wakafunua tena. Nusu saa nzima hakuna aliyepata jozi ya ng'ombe hata moja. Buya alikaa juu ya gunia la misumari akifuta machozi ya kicheko.

"Jamani, njooni muone! Komora ametengeneza mchezo usio na mshindi! Diploma hiyo!"

Nilikuwa nimeshaelewa nilichofanya. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa karibu kuzikusanya kadi nikajifiche nazo mahali peke yangu, Mzee Dido alipojitokeza na kamba aliyokuwa amenunua dukani. Alikuwa amesimama nyuma yetu kwa muda, kumbe akitazama.

"Acha hapo," akasema.

Alichuchumaa. Akafunua kadi moja, ng'ombe mweusi, ubavu wa kushoto. Akanyoosha mkono hadi safu ya mwisho akafunua nyingine, ubavu wa kulia wenye doa refu jeupe ambalo la kushoto halikuwa nalo kabisa. Akaziweka pamoja.

"Hii na hii, ng'ombe moja."

Buya akaruka. "Hapana mzee, tazama, hazifanani! Hii ina doa."

"Wewe ukitazamwa mbele na nyuma, unafanana?"

Watu walicheka hadi kinyozi akatoka na wembe mkononi. Dido aliendelea. Alichukua ng'ombe wote, jozi baada ya jozi, bila kukosea mara moja, kwa sababu alikuwa ameziona zikifunuliwa na kufunikwa nusu saa nzima na hakusahau hata moja. Kisha akajifuta magoti, akachukua kamba yake, akaniambia paketi yake nisisahau, akaondoka.

Siku ile ile niliamua kutolirekebisha kosa. Nilibadilisha mchezo mzima ulifuate. Jozi zetu si picha mbili zilezile, ni pande mbili za kitu kimoja. Chungu, nje na ndani. Mtumbwi, mbele na nyuma. Na mikono ya shangazi yangu Rebeka wa Kau, kiganja na mgongo wa mkono. Nilimfuata hadi Kau kwa mtumbwi kwa ajili ya mikono hiyo, kwa sababu imelima mpunga miaka sitini na kila mstari wake unaonekana. Alikubali kwa masharti mepesi: nimletee paketi, na nisionyeshe ukucha uliokufa. Ukucha uliokufa ndio picha nzuri kuliko zote. Huyo akawa wa tatu.

Paketi za kwanza zilikwisha haraka. Walimu wa chekechea wa Hola walizitaka, wa Garsen wakazitaka, hata watu wazima wakaanza kuzificha watoto wasizichafue. Hapo ndipo mlipoingia ninyi. Amina alikuja kuuliza bei ya picha ya pasipoti akabaki. Hiribae alikuja kutengeneza umeme, akaharibu, akabaki kuulipia.

Mnakumbuka kesi ngumu. Mwalimu wa Nanighi alirudisha paketi akisema darasa zima linashinda bila kufikiri. Nikazitandaza kifudifudi, sikuona kitu. Amina ndiye aliyezinusa. Kadi mbili zilikuwa zimelowa chai ya maziwa na watoto walikuwa wakizinusa kabla ya kufunua. Tangu hapo tunazifunika kwa plastiki ngumu pande zote mbili. Kule Kau msimu wa maji mengi, kadi zilivimba kwa unyevu, na kila moja ikavimba kwa mtindo wake, ikawa kama ina jina mgongoni. Tukabadili gundi mara nne. Ya nne ilinuka samaki lakini ilishika. Sikumwambia mteja hata mmoja ni gundi gani, na ninyi msiseme.

Haya ni ya kujisifia, nami najisifu. Sasa la kutojisifia.

Paketi za kwanza zilikwisha kabla sijatenga tatu za wale walioniazima. Nikasema nitatenga za toleo la pili. La pili likaagizwa lote kabla wino haujakauka. Nikasema la tatu. Mnajua jinsi kazi inavyomsukuma mtu. Mteja aliye mlangoni anaonekana, mtu wa kijijini haonekani.

Kisha ukaja ukame. Wafugaji walishuka na mifugo kuelekea kwenye majani ya delta, na barabarani tuliona mizoga. Hali ilipotulia, Mzee Dido aliingia karakana. Alikuwa amekonda, fimbo ni ile ile. Aliokota kadi za mfano mezani, akazipekua taratibu, akasimama kwenye moja. Ilikuwa Diima.

"Hii imekufa," akasema. "Na hii. Na hii imekufa." Akaziweka chini zote isipokuwa Diima. "Rudisha sasa."

Ninyi wawili mlikuwepo. Mnajua nilichojibu. Niliangalia kadi ile, ya mfano, iliyohesabiwa kwa maonyesho ya wiki ile huko Hola, nikasema: "Mzee, hii ni ya maonyesho. Toleo lijalo, yako nitakuletea mwenyewe."

Aliirudisha mezani kwa upole, uso chini, sawasawa na zile nyingine.

"Wewe unakunywa maziwa tu," akasema. Akatoka.

Hakuja tena. Nikimwona sokoni siku ya mnada, nilikuwa nabadilisha upande wa barabara, mimi niliyefukuzwa kwenye maboma mawili nikaingia la tatu bila haya. Miaka ikapita hivyo. Kila toleo lilipotoka nilitenga paketi tatu, na kila mara nikapata sababu ya kutozipeleka. Nilijua kwamba paketi pekee haitoshi. Alisema mama na mtoto. Mtoto wa Diima sikuwa naye.

Nilipowaachia ufunguo, mkono ukiwa umeanza kutetemeka na kisu kukosea unywele mmoja, sikupata usingizi wa mchana kama walivyoniahidi waliostaafu. Nilichukua diski zote za zamani nikaanza kuzipekua. Si picha tulizochapa, zile nilizozitupa. Zilizopinda, zenye mkia wa ng'ombe mwingine, zenye kidole changu. Siku kumi na moja nilizunguka meza ya jikoni, nakaa, nasimama, natoka uani, narudi. Mke wangu alianza kunipikia chakula cha kushika mkononi.

Siku ya kumi na mbili nilimpata. Picha ya Diima niliyoitupa kwa sababu alikuwa amegeuza kichwa. Nyuma ya miguu yake alisimama ndama jike, ubavu wa kushoto, nusu kwenye kivuli. Mwekundu, na begani ana doa jeupe lenye umbo la kiatu, na kwenye kisigino cha kiatu kitone chekundu. Ubavu wa kulia haukuwepo popote. Nilichapa huo mmoja, nikaubandikia mgongo wa karatasi yetu, nikaukata kwa mikono miwili ili usitetemeke.

Nilikodi pikapu asubuhi. Hiribae, ulinisaidia kupakia mashine ukaniuliza naipeleka wapi, nayo ni kitu kizuri vile. Sasa unajua. Kipini nilipokewa na binti wa Bi Zuhura, maana mwenyewe alikwisha kutangulia. Nilikuwa nimenoa kisu na kutia mafuta kila kiungo. Binti aliinua mkono wa mashine, kisu kikashuka kwa uzito wake, akatabasamu. "Mama alisema utaileta. Alisema utachelewa, lakini utaileta." Nikamwachia na ile paketi ya mama yake, ingawa haikuwa kwenye ahadi.

Kau, shangazi Rebeka alizigeuza kadi za mikono yake mbele ya macho, karibu kabisa na pua.

"Na ukucha umeuonyesha!"

"Nimeuonyesha, shangazi."

"Mwana wa kaka yangu hana haya. Mikono hii imefika wapi?"

"Hadi Nairobi."

"Mimi mwenyewe sijafika hata Lamu." Akacheka, akaita majirani waje waone ukucha wake.

Boma la Mzee Dido nilifika alasiri, ng'ombe wakinywa kwenye birika. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Hakuinuka, lakini alinipa mkono. Niliweka paketi mapajani mwake, na juu yake kadi ya ndama.

Aligeuza kadi ile kwanza, akapapasa mgongo kwa kidole gumba, akailinganisha na migongo ya zile nyingine. Ndipo akatazama uso.

"Hii upande moja," akasema.

"Ndio niliokuwa nao, mzee. Wa pili sikuupiga. Najua ni nusu."

Alinitazama. Kisha akaelekeza fimbo kwenye birika.

"Wewe ni mtu ya jozi. Miaka yote unauza jozi. Tafuta."

Sikuelewa mara moja, kisha nikaelewa. Alikuwa hai. Ndama yule alikuwa pale, miongoni mwao, mkubwa. Sikuthubutu kuhesabu, lakini walikuwa wengi na wote wamejaa matope hadi mbavuni.

Nilizunguka birika na kadi mkononi. Mke wa Dido na binti zao walitoka kutazama. Nilimwona mwekundu, doa begani, mwili mkubwa, nikamwendea kwa uhakika wangu wote nikamwekea mkono.

"Huyu!"

Binti mmoja alikaa chini kwa kicheko. "Mzee wa picha, hiyo ni dume!"

Nilitazama. Kweli ilikuwa dume. Diploma haikufundisha kila kitu.

"Tafuta," Dido akasema tena, hakucheka.

Nilisimama. Nilijiuliza Bi Zuhura angefanya nini. Nilikuwa natafuta rangi, kitu ninachopenda, badala ya alama. Nikaacha rangi. Nilipita kila jike, nikafuta tope begani kwa kiganja, wa kwanza, wa pili, mwingine, mwingine, shati likawa udongo. Ng'ombe mmoja mzee, pembe imevunjika ncha, hakusogea nilipomgusa. Nikafuta. Chini ya tope kulikuwa na weupe. Nikafuta zaidi, kwa mkono wa shati. Kiatu. Na kwenye kisigino, kitone chekundu, kimekua naye hadi ukubwa wa sarafu.

"Huyu," nikasema, sauti ndogo.

Dido alisimama kwa mara ya kwanza. Alitamka jina, na ng'ombe akageuza sikio.

Nilizunguka upande wa pili nikampiga picha ubavu wa kulia. Kwenye mkoba nilikuwa na ile printa ndogo ya betri mliyonicheka nilipoinunua, karatasi ya migongo, mkasi na kifaa cha pembe. Nilichapa pale pale juu ya boneti ya pikapu. Nikabandika, nikakata, nikazungusha pembe nne. Mkono haukutetemeka, sijui kwa nini, na naomba msinitafutie sababu.

Dido alizilaza kadi zote juu ya ngozi, kifudifudi, hizo mbili zikiwa ndani, akazichanganya kwa viganja. Migongo haikusema kitu, lakini macho yake yalikuwa yamezifuata tangu alipozilaza. Akafunua moja: ndama, kushoto. Alisubiri kidogo, akafunua nyingine upande wa mbali: ng'ombe mzee, kulia. Kisha, bila kusubiri, Diima, pande zote mbili. Akaziweka nne pamoja, mama na mtoto.

"Imerudi," akasema.

Alisema neno kwa mkewe. Mama yule aliingia ndani akatoka na kibuyu, akanimiminia kikombe hadi juu. Nilibaki nimekishika, maana nilikumbuka alivyoniambia siku ile karakanani.

"Kunywa," Mzee Dido akasema. "Hii sijakuazima."